Tisini na Moja kwa Mia

S.L.P. 47,
Msambweni.
14 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Swabir,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. U hali gani na joto la huko Maskati? Goti limepoa? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama yu mzima kuliko sote, na muhogo wake wa nyuma ya nyumba umestawi.

Mjomba, ule mtihani wa leseni ulioniombea dua nimeanguka. Naandika hivi kavu kwa sababu ndivyo ninavyojisikia. Bila leseni siruhusiwi kumhudumia mtu hata mmoja, na shahada yangu ya saikolojia imekaa kabatini.

Mambo yalianzia kwa mwalimu wetu, Bwana Ngala. Kabla ya mtihani alikusanya alama zetu za miaka minne, akaziingiza kwenye kompyuta, ikamtolea kila mmoja uwezekano wake wa kufaulu. Mimi nilipata tisini na moja kwa mia. Dama wa Samburu, niliyekaa naye chumba kimoja chuoni, alipata thelathini na nane.

Nilipompigia Mama simu kumweleza, alidhani hayo ndiyo matokeo. Nilifika nyumbani nikakuta mbuzi amechinjwa, wali umepikwa, majamvi yametandikwa, na Maalim Chande anasoma dua ya shukrani. Nikaitikia amina. Ningeweza kumsahihisha Mama, lakini nami nilikuwa nimeshaamini. Tangu siku hiyo sikufungua kitabu.

Dama alisoma. Amepita, na nafasi ya mshauri katika zahanati moja huko Diani amepewa yeye. Alikuja kunipa pole, akalia yeye, mimi nikamshikia leso. Sisikii kitu, Mjomba, si wivu wala uchungu. Hali hii nimeisomea, najua jina lake na dalili zake zote, na kujua hakujanisaidia. Asubuhi napika chai, jioni naosha vikombe.

Kazi ilikuwa kumwambia Mama, maana majirani walikuwa wameanza kuniletea wana wao nizungumze nao. Nilimwambia juzi tukimenya muhogo. Hakuinua uso.

"Wali huchacha, mwanangu," akasema. "Dua haichachi. Kasome."

Akanisogezea muhogo mwingine.

Mtihani unarudiwa Disemba na nimejiandikisha. Bwana Ngala amenifanyia hesabu nyingine, akaniletea ndani ya bahasha. Sijaifungua. Nimempa Iddi, anayesafiri kuja huko, akuletee pamoja na barua hii. Tafadhali kaa nayo, nawe pia usiifungue, mpaka nikuandikie mwenyewe nilichopata.

Nisalimie mkazamjomba Ummi, na umwambie binamu Alamin aache uvivu wa kupiga simu. Mola akupe afya na akurejeshe kwetu salama.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, na hilo peke yake bado nalisikia,

Mwanatumu