Mwaka wa Kwanza wa Gwakisa, Mwaka wa Kwanza Bila Wewe

Umetimia mwaka mmoja, Atupele, tangu asubuhi ile ya Juni ulipotuacha wodini kule Mbeya, mtoto wako akiwa na umri wa siku moja tu. Familia imeniachia mimi, mumeo, niandike kumbukumbu hii. Mzee Ambindwile, baba yako, amesema mwalimu ndiye anayejua kupanga maneno. Nimekaa na karatasi hii tangu juzi na sijui nianzie wapi.

Nianze na kazi yako, maana ndiyo iliyokufanya ujulikane kuliko mimi. Ulizaliwa Lupepo na ukarudi Rungwe kuwa afisa ugani wa kata, na hakuna shamba la parachichi huku Mpuguso ambalo hukuingia na pikipiki yako. Mkasi wa kupogolea ulikaa mfukoni mwa koti lako mpaka kanisani. Ulikuwa ukibebesha miche ya wajane, kuiunganishia vikonyo vya parachichi bora, bila kuitwa, kisha unarudi baada ya wiki tatu kuangalia kama imeshika. Ikiwa haikushika ulinuna siku nzima kana kwamba mche umekukosea adabu.

Mimi nilipangiwa shule hapa nikitokea Bukoba, simjui mtu, nikitetemeka kwa baridi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuitikia salamu za Kinyakyusa njiani, na wewe ndiye uliyenicheka nilipozikosea. Tulibishana juu ya ndizi miaka kumi. Ulishikilia kwamba mbalaga yenu, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndiyo chakula, na kwamba sisi Wahaya tunaponda ndizi kama tunawapikia wagonjwa. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni mwendo wa dakika kumi, lakini nikiwa na wewe ulikuwa mwendo wa saa nzima, kwa sababu kila mlango ulikuwa na mtu wa kusalimiwa.

Lilian, mtoto wetu wa kwanza, alizaliwa kwa upasuaji, na ukapona vizuri. Mimba ya pili iliharibika, ukasafishwa kizazi. Ya tatu ilipofikisha salama miezi sita tukaanza kuitaja kwa sauti.

Kuna jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu, na nimeomba ruhusa ya wazazi wako niliseme hapa. Siku ile ya Aprili ulirudi kutoka shambani mapema, ukafua nguo zako mwenyewe. Jioni ukaniambia umetokwa na damu, nyekundu kabisa, lakini hujaumwa popote. Nilikuwa nasimamia mitihani ya majaribio ya kidato cha nne. Nilikwambia kama huumwi tusubiri hadi keshokutwa nimalize. Asubuhi nilipoamka ulikuwa umeshaondoka kwenda kituo cha afya peke yako.

Nesi Sia, yule binti wa Moshi aliyekuwa amehamia kituoni mwaka huohuo, alikusikiliza akakataa kukupima kwa ndani. Alisema damu ya namna hiyo mtu haiingizii kidole kabla ya kujua inatoka wapi. Alikupeleka mwenyewe hospitalini ukapigwe altrasaundi. Uliporudi ulinichorea kwenye daftari la wanafunzi wangu: mfuko wa uzazi kama parachichi lililogeuzwa, kikonyo chini, na kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, limekaa chini kabisa limeziba mlango anaopaswa kutokea.

Ulieleza kama unavyoeleza wakulima. Wanawake wengi kondo huanzia chini, kisha mfuko ukikua linapanda lenyewe. Wengine halipandi. Kwa hiyo utapimwa tena wiki ya thelathini na mbili. Kwa wakati huo hakuna pikipiki, hakuna kubeba ndoo, hakuna mambo ya mume na mke, na damu ikitoka hata kidogo ni hospitali saa ileile, usingoje maumivu, maana kondo likiwa hapo damu huja bila maumivu. Hapo uliniangalia, kisha ukafunga daftari. Hukuwahi kunikumbusha tena maneno yangu. Ningependa ungenikumbusha.

Pikipiki alikabidhiwa Hezron, mwenzako wa ofisini. Ukakaa nyumbani ukiwa umechukia, na wakulima wakawa wanakufuata sebuleni na majani ya miti yao yenye ugonjwa.

Ndivyo alivyokuja Felista wa Suma. Alikuja kuuliza miche, mimba yake ikiwa ya miezi saba. Wakati unamwandikia, akataja kama jambo la kupita kwamba tangu jana anaona matone ya damu, na mama mkwe wake amesema ni kawaida, mtoto anajigeuza. Uliweka kalamu chini.

"Unaumwa?" ulimuuliza.

"Wala, dada. Ndiyo maana sikujali."

"Basi kwako hurudi leo. Kaa hapo, naita bajaji."

Alibisha kwamba ameacha maharage jikoni. Ulimwambia jirani atayaepua, ukampigia Nesi Sia simu, ukanituma mimi nimsindikize. Kondo lake nalo lilikuwa limeziba. Alilazwa, na baadaye akajifungua kwa upasuaji mtoto wa kike. Mama na mtoto wako Suma, wazima. Mama mkwe wake mwenyewe alikuja msibani kwako na kuku wawili, akakaa jikoni siku tatu akiosha vyombo, na alichosema ni "ndaga fijo, ndaga fijo", asante sana, akiwaambia watu ambao hata hawakujua anashukuru nini.

La kwako halikupanda. Kule Mbeya walipokupima wiki ya thelathini na mbili, daktari alitukalisha wote wawili. Alisema kondo limekaa palepale kwenye kovu la upasuaji wa Lilian, na linaonekana limejishikiza ndani ya nyama ya mfuko wa uzazi. La kawaida hubanduka lenyewe mtoto akishatoka. Hili linaweza kukataa, na wakilivuta utamwaga damu nyingi. Kwa hiyo watakufanyia upasuaji kabla uchungu haujaanza, wiki ya thelathini na sita, damu ya kukuongezea ikiwa tayari, na yawezekana wakaondoa kizazi chote.

Nilidhani utalia. Ulimuuliza chupa ngapi za damu.

Kaka yako Meshaki ndiye aliyezunguka. Alipita shuleni kwangu, kwa wachuma chai, kwenye kwaya yako, na watu kumi na wanne wakapanda gari kwenda Mbeya kujitolea. Watatu kati yao walikuwa wakulima ambao hata majina yao sikuwa nayajua. Wewe ulishahamia chigonela, ile nyumba ya akina mama wanaosubiri karibu na hospitali. Nilikuja kila Jumamosi na Lilian. Nilikukuta siku zote umezungukwa na wanawake, daftari lile lenye mchoro likiwa mapajani mwako. Uliwaambia wasione haya kutaja damu. Uliwaambia waliowahi kupasuliwa waulize kondo limekaa wapi, wasisubiri kuambiwa.

Upasuaji ulipangwa Alhamisi. Jumanne asubuhi, ukiwa unachana nywele, damu ikaanza, safari hii nyingi. Kwa kuwa ulikuwa hatua chache tu kutoka hospitalini, ulikuwa mezani kabla ya nusu saa kwisha. Mimi nilipigiwa simu nikiwa darasani. Nilipofika, Gwakisa alikuwa ameshazaliwa, kilo mbili na robo, na wewe ulikuwa bado ndani. Kondo lilikataa kama walivyohofia. Waliondoa kizazi. Walitumia damu yote ya wale watu kumi na wanne, wakaomba nyingine.

Alasiri waliniruhusu nikuone. Midomo yako ilikuwa myeupe.

"Analia?" uliniuliza.

Nikakwambia analia sana, anawasumbua manesi.

"Mwache alie. Ndiyo kazi yake sasa."

Nilitaka kukuomba msamaha kwa lile neno la Aprili. Nikaona umechoka, nikasema nitakuomba kesho. Usiku ule damu iliacha kuganda. Wale madaktari hawakulala, nimewaona kwa macho yangu. Saa nne asubuhi ulikwenda.

Daktari aliniambia kitu ambacho nimekishika mwaka mzima: kama ungekuwa Mpuguso Jumanne ile, tungezika watu wawili. Na siku zile mbili nilizokwambia tusubiri, hata ungezisubiri, zisingelibadili kondo lako. Alilirudia hilo mara mbili, aliona siamini. Naamini mchana.

Baada ya arobaini watu walirudi makwao, kama inavyopaswa. Mama yako, Mama Alinanuswe, alimchukua Gwakisa Lupepo, kwa sababu mimi sikujua hata kupima maziwa. Tukabaki mimi na Lilian. Ukungu ulikaa nje mwezi mzima. Nilikuwa naweka vikombe vitatu mezani, Lilian anarudisha kimoja kabatini. Sasa naweka viwili. Njia ya kwenda barabarani imekuwa dakika kumi. Watu wananisalimia, naitikia, napita. Siwezi kusimama kama ulivyokuwa ukisimama, wala hawajui waniulize nini.

Shuleni naongea siku nzima. Nikifika nyumbani sauti inaisha. Kuna wakati najikuta nasema Kihaya peke yangu jikoni, kwa kuwa hakuna wa kukicheka.

Dada yangu Justa amenisihi nirudi Bukoba. Nilijaza fomu ya uhamisho mwezi wa pili, ikakaa mezani. Nilikwenda Lupepo kumweleza baba yako, nikamweleza na lile neno langu la Aprili pia. Akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole, kwamba yeye amezika mtoto na hana nguvu ya kutafuta mkosaji, na kwamba nikitaka kwenda niende, ila nisiende kwa kukimbia nyumba. Nilirudi nikaichana ile fomu.

Kwa wanaume mnaosoma hapa: mke akikwambia ametokwa na damu akiwa mjamzito, usimuulize kama anaumwa. Vaa viatu. Atupele alitaka hili lisemwe kwa kila mtu, na sasa sina njia nyingine ya kumfanyia kazi.

Jumapili hii tutasali kaburini Lupepo, halafu tutakula pamoja, kwa kuwa mama yako amekataa mtoto akue akidhani alikuja na msiba. Mtoto ameshaanza kusimama akishika viti. Ana kipaji cha uso kama chako. Tukimaliza, nitamleta Gwakisa nyumbani Mpuguso akae na mimi na dada yake. Mama yako atakuwa anakuja siku za kazi, na jirani amekubali kusaidia. Naogopa, Atupele. Sijui kumlaza, sijui kumnyamazisha, na mbeleko nimejaribu kuifunga mara nne na mto, mto ukaanguka mara zote nne. Lilian amenitazama akasema niache, yeye anajua, atanifundisha.

Unakumbukwa na mumeo, Mwalimu Emiliani; watoto wako Lilian na Gwakisa; wazazi wako, Mzee Ambindwile na Mama Alinanuswe; kaka yako Meshaki; wifi yako Justa wa Bukoba; Nesi Sia; Hezron na wenzako wa ofisi ya kata; wanakwaya; wale kumi na wanne waliotoa damu; na Felista wa Suma, pamoja na binti yake, ambaye amepewa jina lako.

Hakuna siku tutakayokusahau.