Mwanamke wa Ndoo Hataki Kutoka Kwenye Hadithi Zangu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie haraka maana harusi ya binti yangu ni Jumamosi, na mimi baba mzazi, mtu ambaye nimewahi kumnyoa chui ndevu akiwa macho, sasa hivi natetemeka mbele ya mwanamke ambaye hayupo.

Nianze mwanzo usije ukaniona nimechanganyikiwa. Mimi ni kinyozi, na si kinyozi wa kuokoteza, watu wanapita vinyozi wengine njiani kuja kwangu, na hawaji kwa ajili ya nywele, wengine wana vipara kabisa, wanakuja kwa ajili ya hadithi. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu wa historia alifika mahali akawa ananiuliza mimi ilikuwaje, nikamwonea huruma nikaondoka, lakini maneno nilijaliwa. Nikishaanza ile ya chatu aliyemeza baiskeli, mteja anaweza kunyolewa upande mmoja akaenda zake kazini na asijue.

Sasa nina mpwa, binti wa dada yangu, yuko chuo kikuu, wateja wanamwita Profesa ingawa bado anasoma. Anasomea uhakiki wa fasihi, upande wa wanawake, yaani wale walioandika wakakosa wa kuwasoma, na wale walioandikwa na wanaume wakawekwa kwenye hadithi kama viti. Hayo ya viti ni maneno yake. Mimi niliposikia uhakiki nilidhani ni ule wa vyeti, nikamwambia vyangu viliungua. Likizo hii akawa anakuja kukaa kwenye benchi langu, mguu mmoja juu ya mwingine, nasimulia chatu, wateja wanashika mbavu, nikimaliza ananiuliza kwa upole kabisa:

"Mjomba, na wanawake walikuwa wapi?"

"Wanawake gani?"

"Wa pale alipopita chatu. Umesema watu wote walikimbia. Watoto walibebwa na nani?"

"Mama, hii ni hadithi ya chatu."

"Ndiyo, mjomba. Na baiskeli umeitaja rangi, kengele mpaka kiti cha nyuma. Mwanamke hujamtaja hata mmoja."

Fundi viatu alicheka akateleza kwenye benchi. "Profesa kamkaba mjomba!" Tangu siku hiyo imekuwa ugonjwa. Nikifungua mdomo tu, dereva teksi anadakia kutoka chini ya shuka, povu kidevuni, "Na wanawake walikuwa wapi?" Nikisimulia nilivyomtia adabu mamba, wanauliza, "Shemeji alikuwa wapi?" Nikisema jana umeme ulikatika, wanauliza nani aliwasha mshumaa.

Basi nikatumia akili. Nikasema kama tatizo ni mwanamke, namweka mwanamke, yaishe. Kwenye ile ya chatu nikamweka mmoja, sikumpa jina, sikumpa sura, nikampa ndoo, kazi yake aje, alete maji ninywe baada ya mapambano, aondoke. Mshauri, alikuja, akaleta maji, nikanywa, hakuondoka. Akaitua ndoo akasema, "Baiskeli ya nani hiyo?" Naapa sikupanga aseme hivyo, mdomo ulikuwa wangu lakini maneno yalikuwa yake. Dereva teksi akasema, "Ehe, ya nani?" Nikajikuta najibu, "Ya kwake huyo wa ndoo." "Alikuwa anaenda wapi nayo?" "Kujifungua." "Peke yake? Mume wake je?" "Alikuwa kazini anasimulia." Hapo nikazima mashine nikaenda kunawa uso.

Kesho yake nikasimulia ya mamba, bila mwanamke kabisa. Nikafika mtoni, nimemkamata mamba mkia, natupa macho ng'ambo, namwona anakuja na ndoo yake. Akaniambia, "Umeshika upande usiouma. Sogea." Akamvika mamba ndoo kichwani, akaondoka naye taratibu kama anampeleka kliniki. Nikamkimbia nikaingia kwenye hadithi ya simba, kumbe kashafika, anamchana simba nywele na simba katulia. Kwenye hadithi zangu mwenyewe nimebaki mshika tochi! Na ubaya ni kwamba wateja wamependa, wameleta wake zao, benchi limejaa wanawake, hawana ndevu, hawanyoi, wamemfuata wa ndoo, na nikimnyima maneno wanapiga sakafu kwa viatu mpaka kioo kinacheza.

Hayo yote ningevumilia. Lakini Jumamosi natakiwa kusimulia ile kubwa, ya lori, ambayo nimeisimulia kwenye kila shughuli ya familia tangu nioe, na ndiyo iliyonipa jina la Breki. Kwa kifupi, lori la saruji lilikatika breki kwenye mteremko wa soko, dereva kashajirusha, soko limejaa watu, mimi nikasimama katikati ya barabara, nikanyoosha kiganja, nikalitazama kwenye taa. Lori likapunguza mwendo, likaona haya, likasimama karibu liniguse kifua, limekwama kwenye jiwe kubwa lililokuwa limefika chini ya gurudumu la mbele. Sikuchubuka hata ukucha. Mke wangu naye alikuwepo, wakati huo tulikuwa wachumba, sijui alijigonga wapi, bega lake la kulia halijapanda sawasawa mpaka leo, ndiyo maana mapazia ya nyumbani natundika mimi, sijisifu. Anaipenda sana hadithi hii, kila nikiisimulia anatazama mikono yake na kutabasamu.

Sasa bibi harusi, binti yangu wa damu, keshalishwa maneno na Profesa. Juzi kaniambia, "Baba, ya lori safari hii aisimulie mama."

"Mama yako hajui kusimulia."

"Umewahi kumpa nafasi?"

Profesa pembeni anameza kicheko. Nikamgeukia mke wangu anitetee, akaendelea kukunja nguo.

Ombi langu ni dogo. Niambie nimtoeje huyu wa ndoo kabla ya Jumamosi, maana jana saluni ilipokuwa tupu nilifanya mazoezi ya lori mbele ya kioo, nimesimama katikati ya barabara, kiganja kimenyooka, lori linakuja, na huyo hapo anateremka mbio, safari hii ndoo kaitupa, ameinama, bega lake liko kwenye... Sikumalizia. Nilifumba macho. Mimi niliyemnyoa chui, naogopa kuangalia anafanya nini.

Ni mimi, Mjomba Breki, kinyozi

*

Mshauri anajibu:

Breki, pole. Sasa kaa wewe kwenye hicho kiti, leo shuka nakufunga mimi.

Barua yako nimeisoma, nimecheka, kisha nikaisoma tena kwa namna anayosoma mpwa wako, ambayo si uchawi wala si vita na wanaume. Nilitazama tu nani anaongea. Profesa anaongea. Fundi viatu anaongea akiwa sakafuni, dereva teksi anaongea na povu lake, bibi harusi anaongea, na yule wa ndoo, ambaye hayupo, anaongea kuliko wote. Mkeo hana hata neno moja. Lori umelipa haya, simba umempa utulivu, mkeo umempa nguo za kukunja. Hicho ndicho Profesa anachokiita kiti, na umemkalia muda mrefu mpaka umesahau kuna mtu chini.

Unasema hajui kusimulia. Umejuaje, na hujawahi kunyamaza? Unasema anaipenda hadithi yako. Alikuambia lini? Mtu anayetazama mikono yake kila lori linaposimama, baba, hakagui kucha.

Halafu hilo jiwe. Mimi mawe nimeyaona mengi, ya kujengea, ya kusagia, ya kutupiwa, lakini sijaona hata moja linalofika. Ni wewe uliyeandika jiwe "lililokuwa limefika" chini ya gurudumu. Lilitoka wapi, na lilikuja kwa miguu ya nani? Wewe hukuchubuka ukucha, mwenzako bega limekwenda, na jiwe limetembea. Mimi sikuwepo, simhukumu mtu kwa barua. Lakini wewe ulikuwepo Breki, na kwenye kioo chako mwenyewe umefumba macho pale pale panapotakiwa kutazamwa.

Kuhusu mwanamke wa ndoo: hatoki, na usithubutu kumtoa. Hakuletwa na Profesa. Alikuwa mlangoni siku zote na wewe ulikuwa unasimulia huku umeegemea mlango. Mwache aongee, ongeza benchi la pili kwa ajili ya hao wageni wake, na acha kunililia habari ya kushika tochi. Bila tochi nani angemwona mamba?

Sasa sikiliza, na usikilize kweli, usianze kutunga jibu. Leo ukifunga saluni nenda moja kwa moja nyumbani. Usiingie na mbwembwe za chui. Kaa, kunja hizo nguo pamoja naye, kisha muulize swali moja tu: "Siku ile ya lori, wewe ulikuwa wapi?" Baada ya hapo nyamaza. Najua ni jambo geni kwako. Unafunga mdomo, unapumua kwa pua, unaona hufi. Akianza kueleza usimsahihishe rangi ya lori. Akilia usimchekeshe. Akisema Jumamosi hataki kusimulia, basi ya lori haisimuliwi, watu watakula, watacheza na maharusi wataondoka salama, maana hadithi ni yake na ana haki hata ya kukaa nayo kimya. Huo kimya utakuwa wake, si ule uliompa wewe.

Akikubali, mwite mbele wewe mwenyewe, mbele ya watu wale wale waliokuita Breki. Mwite kisha ukomee hapo. Usije ukatumia nusu saa kusimulia jinsi ulivyokuwa na moyo mkubwa wa kumruhusu. Nakujua kwa barua moja tu, sembuse wanaoishi na wewe.

La mwisho. Hadithi yake itakuwa ndefu, imekaa ndani miaka mingi, na bega lile halitaweza kuinua kipaza sauti mpaka mwisho. Simama upande wake wa kulia umshikie. Usikohoe, usiyumbe, na akifika kwenye jiwe, macho yako yawe wazi.