Mdomo wa Joka wa Kengele

Kijiji cha Shuikou,
Jiangxi.
20 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Rongsheng,

Hujambo? Mkeo Lucía hajambo? Na binti yetu Anyi je? Nimeiona picha yake akiwa na sare ya shule, meno mawili ya mbele yamekwenda zake, nikacheka peke yangu sokoni mpaka muuza tofu akaniuliza kama nimepata mchumba wa pili. Mgongo wako unaendeleaje? Mpishi anayesimama kutwa mbele ya moto asipojitunza atachakaa kabla ya sufuria zake. Sisi huku tu wazima. Kikohozi cha Baba kimepungua, goti langu ni lile lile, na joto la mwaka huu limetukausha kama pilipili uani.

Najua unajiuliza nani siku hizi anaandika barua kwa mkono. Ni mimi dada yako, kwa sababu kwenye simu nikimtaja Baba tu, ghafla mtandao wa huko kwenu Lima unaharibika. Karatasi haina mtandao. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Kwanza nina kesi na wewe. Anyi aliniuliza juzi kwa nini huku nyumbani tunamwita baba yake Pulao. Yaani mtoto ana miaka saba na hujamweleza! Mwambie kwamba joka mkubwa alizaa watoto tisa, na hakuna hata mmoja aliyefanana naye. Pulao ndiye mwenye sauti kubwa na moyo mdogo. Akimwona nyangumi anapiga yowe, ndiyo maana tunamkalisha juu ya kengele, na gogo la kuigongea tunalichonga umbo la nyangumi. Wewe ulizaliwa unalia, ukalia miezi minne mfululizo, bata wakipita unalia, Baba akasema basi, huyu ni wa kwetu kabisa.

Kaka yako Dapeng ni Taotie, yule wa kwenye vyungu, ambaye ni mdomo mtupu. Bado anastahili jina lake. Wiki iliyopita alimaliza bakuli tatu za tambi za mchele kisha akauliza chakula cha mchana ni saa ngapi. Shemeji yako Guohua, kwa sigara zile, alipewa Suanni anayekaa kwenye chetezo akivuta moshi. Mimi ni Bixi, mwenye gamba la kobe, anayebebeshwa mawe ya kumbukumbu mgongoni na hanung'uniki. Nilikuwa nikidhani ni sifa.

Na Mama, Mungu wa mbinguni amtunze, alikuwa Chiwen, anayekaa juu ya paa na kumeza moto. Kila hasira ya Baba ilipowaka, yeye aliimeza. Wewe na Baba mligombana mwaka ule ule tuliomzika, na sioni kama ni bahati mbaya tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Baba anatengeneza kengele kubwa ya hekalu letu. Ana miaka sabini na tisa, na amesema mwenyewe kwamba ni ya mwisho. Udongo wa umbo la kumiminia shaba umekauka vizuri, shaba imeshafika, na Pulao wa nta wa kishikio ameisha tangu Juni: magamba, kucha, sharubu, kila kitu. Nimeshika kazi hii na Baba miaka yote na sijamwona akichonga joka mzuri hivyo. Ila mdomo umefungwa.

Unajua desturi ya karakana yetu. Mdomo wa Pulao hufunguliwa na mtoto wa mwisho wa mfua kengele, siku ya mwisho kabla ya nta kufunikwa udongo na kuyeyushwa ili shaba ichukue nafasi yake, la sivyo kengele itakuwa bubu. Unakumbuka pia kwamba miaka kumi na moja iliyopita wewe, kitindamimba wetu, ulishika kisu cha kuufungulia, ukasema kiwandani wanamimina kengele kumi kwa siku bila kuuliza habari za mdomo, ukakiweka chini ukaondoka. Baba akasema asiyefungua mdomo wa kengele asije kula mezani kwake. Mlisema vibaya wote wawili. Joka wa kengele ile alimfungua mwenyewe, akakandamiza kisu, akampasua mdomo wa chini, na tangu hapo hajakubali kazi yoyote yenye joka.

Mdomo wa huyu wa sasa ulipobaki umefungwa, mimi nikadhani ni uzee. Nikadhani amesahau. Mchana mmoja alipokuwa amelala nikachukua kisu nikamfungua Pulao kwa mkono wangu. Nilifanya kazi safi, Rongsheng, meno yote yamepangika na ulimi umejikunja. Baba akaamka, akauona, hakugomba. Akalainisha kipande cha nta kwenye kiganja, akauziba mdomo wote, akausawazisha kwa dole gumba mpaka usingejua kulikuwa na kitu. Kisha akasema, "Qiaoyun, umefanya vizuri. Lakini huyu ana mwenyewe."

Sitakuficha, iliniuma. Nililia jikoni na kitunguu mkononi ili Guohua asiniulize. Mimi ndiye niliyebaki. Mimi nakanda udongo, nampeleka hospitali, nampasha maji ya miguu, na mtu anayesubiriwa ni aliye ng'ambo ya bahari. Nilikuchukia siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaona nakukumbuka kuliko ninavyokuchukia, nikaacha.

Joto lilipozidi, nta ilianza kulegea, basi Baba amemhamishia Pulao chumbani kwako, ndiko kuna ubaridi. Amelazwa kitandani kwako juu ya kitambaa kibichi. Baba anabadilisha kitambaa hicho mara tatu kwa siku na hataki msaada.

Mzee Xie wa kamati ya hekalu amechoka na visingizio vya Baba, mara unyevu, mara mkaa mbaya. Amesema kengele isipomiminwa kabla ya tarehe tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda yetu, wataagiza ya kiwandani. Nilimuuliza Baba tutafanyaje. Akasema siku ikifika ataimimina hivyo hivyo, mdomo umefungwa. Na anaweza. Itaning'inia pale miaka mia tatu, na kila atakayeinua macho atauliza huyu joka alinyamazishwa na nani.

Siku hiyo kwenu ni kumi na moja Oktoba. Zimebaki wiki saba. Sikwambii uombe radhi, wala sikuahidi kwamba yeye ataomba. Nakwambia uje. Mlete Anyi, babu yake amwone kabla hajaota meno.

Dapeng anakusalimu na anauliza kama nyama ya huko ina mafuta. Guohua anakusalimu. Shangazi Cuihua anamsalimu Lucía na amemfumia sweta isiyo na saizi ya binadamu yeyote. Mbingu iwalinde, safari zenu ziwe nyepesi, na nyumba yenu isipungukiwe wali.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinikasirisha,

Qiaoyun

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, imebidi niifungue. Baba amenikuta naandika anwani yako. Amesimama nyuma yangu, akaisoma pole pole herufi kwa herufi ingawa hajui maandishi ya huko. Nikangoja anikataze. Amekwenda mpaka mlangoni, akarudi, akasema, "Mwandikie kwamba nta ya mwaka huu ni laini. Asikandamize kisu."