Mama Soli, Fundi Aliyeimba Shida Ikija

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuaga. Kibanda chako cha viatu bado kipo, na wateja wako hawajakoma kuchungulia dirishani wakiuliza, "Fundi yupo?" Tunawaambia hayupo. Kuandika haya nimepewa mimi, mwanao wa pili uliyeniita Kasuku, kwa sababu wenzangu wamesema mdomo ninao. Haya, ngoja niutumie.

Ulikuwa fundi wa viatu, tena fundi kweli kweli. Mgeni akikosa kuona mwanamume pale ndani alisimama tu akishangaa. "Dada, fundi atarudi saa ngapi?" Unamjibu, "Ameshafika, lete hicho kiatu." Viatu vya watoto wa shule vilitangulia siku zote. Mtu mzima akinuna ulimwambia, "Wewe una jozi nyingine nyumbani. Huyu hana." Wengine walinuna hivyo hivyo, na kesho yake walirudi.

Ulifanya kazi na misumari midogo midomoni, unachomoa mmoja unagongelea soli, unachomoa mwingine. Kwa hiyo ukiulizwa jambo unajibu "Mm." Baba anasema hata alipokuja kukuposa alijibiwa "Mm," akaenda zake bila kujua amekubaliwa au amefukuzwa.

Misumari ile iliondoka mdomoni kwa jambo moja tu, nalo ni shida. Shida ikifika unaitema yote kwenye kifuniko cha kopo la gundi, unafumba macho, unamwimbia Mungu wako wimbo mzima, beti zote. Ukimaliza unapangusa uso na kusema, "Bwana yupo. Sasa tufanye nini?" Kisha unafanya.

Na sauti yenyewe, Mama, tuseme ukweli maana leo huwezi kutukatiza. Ilikuwa nzito na haikumfuata mtu. Kiongozi wa kwaya alikuambia kwa heshima zote, "Dada, sauti yako ina barabara yake." Ulicheka hadi ukashika mbavu. Lakini kuna Jumapili alikuhurumia akakuruhusu uimbe na wenzako, nawe ukaanza mazoezi pale kibandani mchana kweupe. Jirani yako, fundi saa, alikusikia. Maskini, alifunga duka akakimbia hadi ghalani kwa Baba. "Shemeji, twende! Mama Soli anaimba!" Baba alifika anahema, kofia imeanguka njiani. "Nani? Nani amekufa?" Ukamwambia, "Ninafanya mazoezi." Baba akarudi njiani kuitafuta kofia yake.

Siku magunia yalipomporomokea Baba kule ghalani, hayakuwa mazoezi. Ulipoletewa habari ulitema misumari, ukaimba, ukafunga kibanda, ukaenda hospitali na nguo zake za kubadilisha. Huko nako uliimba, kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, watu wakigeuka kutazama. Kaka yetu mkubwa, fundi umeme, mtu wa hasira za karibu, alikufokea. "Mama, nyimbo hazitibu mtu!"

Tulidhani utamtandika. Ulimvuta tu akae. "Najua hazitibu, mwanangu. Ndiyo maana tumemleta kwa daktari. Ninaimba ili mikono iache kutetemeka, nimkumbuke aliyetushika. Wewe mikono yako ikoje?" Kaka akaificha mifukoni. Baba alipona, anatembea na mkongojo, na hadi leo anauita mke wa pili. Tangu siku ile Kaka aliacha kukanyaga kanisani, nawe hukumsukuma. Ulimwekea tu nafasi ubavuni mwako kila Jumapili, ukiwaambia wanaotaka kukaa, "Hapa pana mtu."

Ilipofika zamu yako ya kuugua, tulikuwa na hofu moja. Kwamba utatutoka tulishajua, daktari alikuwa ametueleza bila kuficha. Tuliogopa kwamba amani yako itakuacha kabla yetu, ufe na woga, wewe uliyetuondolea woga maisha yetu yote. Tulizunguka kitanda tukisubiri uimbe. Hukuimba. Maumivu yalizidi, wauguzi wakaingia na kutoka, na wewe kimya. Mdogo wetu wa mwisho akaninong'oneza, "Dada, imani imemwishia Mama?" Mimi Kasuku nikajifanya ninanyoosha mto wako.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Kaka. Alipiga magoti pale sakafuni, mtu mzima na ndevu zake. "Mama, imba basi. Hata ubeti mmoja."

Ukafungua macho. "Niimbe kwani kuna shida gani?"

"Mama, unaumwa!"

"Hilo nani halijui? Nimekuuliza shida." Ukamtazama vile ulivyotazama kiatu kilichokuja kimepasuka vibaya. "Mimi ninakwenda kwa Bwana, baba. Shida sina."

Ukalala. Uliondoka jioni ile ile, taratibu, uso wako umetulia hata muuguzi akasimama kidogo kabla ya kuvuta shuka. Sisi tulilia. Kaka alitoka akaenda kukaa kwenye benchi la nje, na baada ya kitambo tukasikia sauti. Alikuwa anaimba, Mama. Beti zote. Anaimba vibaya kuliko wewe, jambo ambalo hatukujua linawezekana. Wewe hukuwa na shida siku ile. Aliyekuwa nayo ni yeye, na alijua pa kuipeleka.

Unakumbukwa na mume wako Baba Ghala; mwanao mkubwa, fundi umeme, na mkewe; binti zako wawili, Kasuku na Kitinda Mimba; wajukuu wote; jirani yako fundi saa; na kiongozi wa kwaya, ambaye sasa ana Kaka kwenye safu ya nyuma na anamwomba Mungu ampe uvumilivu.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Mama Soli. Bwana alikupa amani, nawe ukatuachia.