Kifua cha Ukoo Wetu

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Soko la Mbao,
9 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu tele. U hali gani, na mwanetu anaendeleaje huko kwa bibi yake? Sisi tupo. Kaka yangu anajipikia tangu muondoke, na nyumba nzima inanuka vitu vilivyoungua.

Mimi niliumwa. Mwezi jana nilikuwa nachana kochi kuukuu, vumbi la pamba likatimka, kifua kikanibana hadi nikakaa sakafuni na mkasi mkononi. Mafundi wenzangu wakanibeba mzobemzobe hadi zahanati. Ni pumu, wifi. Mimi, na mdomo wangu huu!

Daktari akauliza nani mwingine kwetu anayo. Nikajibu hakuna. Akauliza tena: nani hupiga chafya vumbi likitimka, nani hujikuna? Nikaanza kuhesabu, nikaishiwa vidole. Baba mdogo na “kifua” chake. Shangazi na “mafua” yake tangu sijazaliwa. Mumeo, aliyejikuna utotoni hadi akawa analala na soksi mikononi.

Akanieleza kwamba wepesi wa kupata pumu na aleji hutembea kwenye damu, katika vinasaba vingi, vya baba na vya mama. Si kila aliyevirithi ataugua. Vumbi na moshi navyo huchangia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kuhusu kuogesha mtoto kwa maji ya baridi.

“Mama, maji hayampi mtu pumu.”

Nilinywea. Maana ni mimi niliyesimama sebuleni kwa mama, mbele ya wote, nikasema umemharibu mtoto kifua kwa maji ya baridi. Wiki ile ile ukafunga mizigo.

Jumapili niliwakusanya wale wale, sebule ile ile, nikasema nilikukosea. Mama aliinamisha kichwa. Shangazi akaguna, “Mimi ni mafua tu,” kisha akapiga chafya tatu.

Nisamehe, wifi. Naona aibu na inaniuma. Miaka mitano umekitunza kifua chetu ndani ya mwanao, na lawama tukakutwika wewe. Sikulazimishi kurudi, hilo ni lako.

Msalimie mama yako na mdogo wako. Mola awajalie pumzi nyepesi nyote.

Mwambie mwanetu shangazi yake naye kapewa pampu ya kuvuta, na hajui kuitumia. Siku mkija, anifundishe.

Wifi yako akupendaye,
Fundi Makochi