Mkasi Ulale kwa Mariana

Jumanne, 9 Julai

Nimetoka kliniki ya afya ya akili. Lile benchi! Mji mzima unajua wanaokaa pale wana nini. Nilijifunika kitenge mpaka puani, nikasingizia upepo. Upepo upo kweli, lakini mimi nilikuwa naficha sura.

Nesi Kristiana ana sauti ya kubembelezea kichanga. Inaniudhi. Ati kama nataka kuacha kujiumiza, niondoe vitu vyenye makali nyumbani. Mimi fundi cherehani! Nikamwambia, dada, kamwambie mvuvi wa Kabwe aondoe ziwa. Akacheka — sikutegemea. Akasema basi, visilale na wewe. Hamu ikija niiahirishe, mikono niipe kazi nyingine, halafu nimwambie mtu.

La kwanza sawa. La pili sawa. La tatu — mtu gani? Hapa Katandala ukimwambia mmoja umewaambia kumi na wanane, na wote watakuja na maji ya baraka kukemea mapepo.

Jumatano, 10 Julai

Nimempa Mariana mkasi aende nao kwake Chanji. Ndiye fundi mwenzangu, tunagawana kibaraza. Nikasema kuna wezi.

"Wezi wa mkasi? Dada, wakija si watabeba cherehani?"

Lakini akauchukua. Kila jioni ataondoka nao. Uongo mdogo, kazi kubwa.

Nimeoga. Nimejiangalia mikono. Kinyaa! Mikono iliyojifunza kushona kwa kuchungulia dirisha la watu, ada hakuna, mwalimu hakuna. Imevalisha nusu ya maharusi wa mji huu. Halafu mimi mwenyewe ndiye nimeichorachora hivi. Mume wangu Alphonce alipouza cherehani yangu ya kwanza akakimbilia ziwani na mwanamke, niliyetakiwa kumkasirikia ni yeye. Nikajikasirikia mimi. Hesabu gani hiyo? Mtoto wa darasa la pili angeikataa.

Jumamosi, 13 Julai

Hamu ilikuja mchana, bila sababu. Nikaketi kwenye gunia la mahindi, nikapukuchua kwa mkono. Nusu debe, ikawa imeshuka. Vidole vinauma kama vya mtu aliyefanya kazi, basi. Na unga nitapata.

Kuna siku nakanyaga cherehani bila uzi. Mariana aliniona. "Dada, unasafiri kwenda wapi?" Nikasema Mpanda. Akasema nimletee mchele.

Jumanne, 16 Julai

Alphonce kapiga simu! Ziwa gumu, samaki hakuna, ati ananikumbuka. Anakumbuka sufuria! Sikukata simu. Kwa nini sikukata? Nilibana simu begani, namsikiliza huku nakata kitambaa cha watu. Pumbavu mkubwa mimi.

Jumatano, 17 Julai

Ndege vichwa chini.

Kitenge cha Mama Urbano kina ndege wakubwa, wana upande wa juu na wa chini. Fundi wa wiki moja anajua: kwanza geuza kitambaa, angalia vichwa. Mimi na miaka yangu yote nimekata kipande chote cha mbele ndege miguu juu! Na kitambaa kilichobaki hakitoshi hata mfuko.

Leo kaja kujaribu nguo. Wateja watatu kibarazani.

"Jovina! Ndege wangu wamekufa? Mbona wamelala chali?"

Wakacheka wote. Nikasema, nisamehe mama, nitakununulia kingine. Akanivuta mkono aniwekee kidole palipoharibika — sweta likapanda. Akaona.

"Umeungua?"

"Pasi, mama."

Basi akaanza kunibembeleza. Pole mwanangu, ndege siyo kitu, tutavaa hivyohivyo. Heri angeendelea kunitukana! Ile pole yake imeninata mwilini kama mafuta yaliyoganda. Na pasi gani inayounguza kwa mistari? Anajua. Hajaamua tu amwambie nani.

Nimepukuchua debe zima. Hamu haijashuka.

Alhamisi, 18 Julai

Asubuhi Mariana aliutuma mkasi kwa bodaboda. Mtoto wake ana homa, haji kazini. Nimeshinda nao peke yangu. Nimekata sketi mbili za shule, vizuri kabisa, huku nimeng'ata meno. Nimekanyaga cherehani tupu mpaka mkanda umekatika.

Sasa jua linashuka na hakuna wa kuuchukua. Niufungie kabatini? Ufunguo ninao mimi. Nimtupie jirani? Atauliza. Nimekaa nautazama. Nikaufunga kwenye kanga mafundo manne, nikaita boda. Chanji. Haraka.

Mariana katoka na mwiko mkononi. "Dada! Kuna mteja amegoma?"

"Ulale kwako huu."

"Kwa upepo huu umekuja kuleta mkasi? Si ungekaa nao mpaka kesho?"

"Siwezi kukaa nao."

"Wezi tena?"

Nilikuwa na jibu tayari. Mdomo ulishafunguka. Nikasema: "Hapana. Ni mimi."

Hakushtuka. Alinitazama kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine, anatafuta ulipoanza kufumuka. Akauchukua mkasi, akauingiza ndani, sikuona alipouweka. Akarudi, akanisogezea kigoda karibu na jiko. "Kaa. Nimlaze mtoto. Nikirudi uniambie kuanzia mwanzo, na usinidanganye mambo ya Mpanda."

Ndiyo nimekaa. Naandika kwa mwanga wa mkaa. Nimejipanga maneno mara tatu, yote yananuka. Kamasi zinanitoka — nachukia! Mlango niliuacha wazi, ningeweza kuondoka. Boda bado yuko pale nje, nasikia anapiga soga.

Mtoto amenyamaza.

Ndala za Mariana zinakuja.