Wimbo Nilioimba Kwenye Ziwa la Mlimani

Shamba la Ngano,
Njoro, Nakuru.
20 Julai 1958.

Mpendwa ndugu yangu Dalmas,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Je, mama anaendeleaje na mguu wake? Mke wangu Nekoye na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila mabega yananiuma, na jioni sina mtu wa kuongea naye lugha yetu.

Nimesikia kijana wangu Sitati ameanza kuzunguka na njuga kuwaalika jamaa kwa tohara ya Agosti. Nilifurahi mpaka ugali wangu ukapoa.

Niliomba ruhusa ya kuja. Bwana mwenye shamba akasema kwanza niwabebee mizigo wageni wake wawili Wazungu mpaka ziwa lililo juu kabisa ya milima ya Mau. Wakirudi salama, nitakwenda nyumbani.

Tulitoka Jumatano alfajiri pamoja na Kipsang, mchungaji wa ng'ombe, anayeijua njia. Ndugu yangu, ile si njia. Ni mianzi iliyoangukiana, tope la kufika magotini na mapito ya nyati. Kipsang alinicheka: "Panda, mzee wa Kimilili! Huku juu hakuna ndizi zinazokungoja!"

Mianzi ikiisha ni nyasi na upepo tu, kisha ziwa. Ni dogo, jeusi, na kimya. Hakuna boma wala moshi. Nilitazama upande wa kwetu Kimilili nikaona ukungu.

Hapo mgeni mmoja, kijana mrefu, akashuka ukingoni kunawa, akateleza. Alipoinuka alikuwa tope tupu toka kichwani mpaka miguuni, anatetemeka, amesimama wima, mikono kiunoni. Dalmas, sikumwona Mzungu. Nilimwona Sitati akitoka mtoni, amepakwa tope, asubuhi ya siku yake ya tohara. Kabla sijafikiri, nilikuwa nikiimba kwa sauti yangu yote ule wimbo wetu wa kumleta kijana nyumbani, na miguu inacheza.

"Nyamaza, wewe!" Kipsang akanivuta. "Huyo si mtoto wako!"

Nilikuwa nimechelewa. Mgeni alidhani namdhihaki. Nilimweleza kwa Kiswahili changu, hakutaka kusikia. Tulishuka, na jioni akanishtaki. Bwana akaniambia, "Kama unapenda kuwacheka wageni wangu, utachekea hapa hapa mpaka ngano yote ivunwe." Kipsang alijaribu kuniombea, akafukuzwa pale mlangoni. Ruhusa yangu imekwisha.

Kwa hiyo siku ya tohara simama wewe mahali pangu. Vaa lile koti langu la kijivu, Nekoye anajua lilipo.

Na neno moja: msimwambie Sitati kwamba niko njiani, hata kwa kumtuliza. Akiamini ninakuja, atanitafuta kwa macho wakati ngariba ameinama, na jicho likicheza watu watasema aliogopa. Mwambie mapema na wazi: baba hayupo. Atazame mbele.

Nisalimie mama, na shangazi Nasike. Mwambie Nekoye asilie mbele ya mtoto. Mungu aushike mkono wa ngariba.

Nami asubuhi hiyo nitakuwa nimesimama katikati ya ngano, mikono kiunoni kama yeye, bila kupepesa macho.

Kaka yako asiyekusahau,
Nabiswa